Rangi Isiyopaswa Kuonekana

Seli hazijui Jumapili. Zikikosa chakula zinaanza kufa, na zikiachwa zizaliane ovyo zinabanana hadi zinakosa pa kukaa, nazo zinakufa vilevile. Ndiyo maana kila Jumapili, wakati majirani wa ghorofani wanaanika mashuka na kuwakaripia watoto kwenye korido, mama mmoja aliyevuka hamsini huufunga mlango wake, hukijaribu kitasa kuhakikisha, kisha hushuka ngazi kwenda kazini.

Pale maabara wanamwita Mfugaji. Jina hilo alipewa na mlinzi wa getini, ambaye zamani alimuuliza anafanya kazi gani humo ndani hata sikukuu haimhusu, naye akajibu kwamba ana vitu vinavyotaka kulishwa. Mlinzi hakuhitaji maelezo zaidi. Tangu siku hiyo salamu yao ni ileile.

"Mfugaji, mifugo imeamkaje?"

"Imeamka na njaa."

"Basi wahi malishoni, maana nyasi hazikusubiri."

Mara nyingi hayo ndiyo maongezi marefu kuliko yote anayofanya Jumapili nzima.

Mifugo yenyewe ni seli za saratani ya utumbo. Zinaishi kwenye chupa bapa za plastiki, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu, zikiwa zimelala chini ya maji ya waridi yenye sukari na chumvi ambayo maabara nzima wanayaita mchuzi. Zilitoka kwa mgonjwa ambaye jina lake halijaandikwa popote kwenye chupa. Alikufa zamani, katika nchi ambayo Mfugaji hajawahi kuiona, lakini seli zake zinaendelea kugawanyika kana kwamba habari ya msiba haikuzifikia. Rafu ya chini kuna seli nyingine, za utumbo mzima usio na ugonjwa. Mfugaji huzilisha zote kwa mkono uleule, ingawa akiulizwa husema kwamba hilo ni zizi moja lenye fisi juu na kondoo chini.

Kondoo na fisi wanafugwa pamoja kwa sababu ya mwani. Kuna mwani wa kahawia unaosukumwa na maji mpaka ufukweni, ukarundikana na kuoza, watu wakaukanyaga wakishika pua. Ukioshwa, ukakaushwa kivulini, ukasagwa na kulowekwa kwenye spiriti, unatoa rangi ya machungwa mabivu. Ni ya ukoo mmoja na rangi ya karoti, ya boga, ya kiini cha yai, na ile inayomfanya kamba awe mwekundu akichemshwa. Wataalamu wanauita ukoo huo karotenoidi. Ndani ya sahani za maabara, rangi ya mwani huu ina tabia iliyowafanya watu wakae chini waitazame vizuri: ikidondoshewa seli za saratani kwa kipimo sahihi, seli hizo zinajikunja, zinaachia sakafu zilikoshika, zinaelea kama makapi. Haziungui. Zinajimaliza zenyewe, kwa utaratibu, kama mtu anayezima taa chumba kimoja baada ya kingine kabla ya kuondoka. Seli nzima, kwa kipimo kilekile, hubaki zimelala.

Mkuu wa utafiti huo ni mwanamke kijana, wa rika la mtoto wa Mfugaji, ambaye wote wanamwita Daktari ingawa hajawahi kumtibu mtu. Daktari hapendi watu wasisimke. Hukumbusha kila mara kwamba kuua seli ndani ya sahani si hoja, hata sabuni ya kufulia inaua. Kazi ni kuua mbaya na kuacha nzuri, kisha kufanya hivyo ndani ya tumbo lenye asidi, ini na damu, ambako rangi nyingi huvunjika kabla hazijafika popote. "Sahani si mtu," husema, na wafanyakazi wamekwisha kuizoea kauli hiyo kiasi kwamba anapofungua mdomo wanaimalizia kimoyomoyo.

Rangi ya mwani ina kasoro moja. Haipendi mwanga. Jua likiigusa inavunjika, na ikishavunjika hairudi. Kwa hiyo inatengenezwa kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya taa nyekundu iliyofifia, inawekwa kwenye chupa ya kioo, chupa inafungwa foili mpaka shingoni, inaingizwa kwenye friji. Chini ya taa ile nyekundu rangi zote zinafanana. Mtu anaweza kuishika chupa msimu mzima, akaifungua, akachota, akaifunga, na asijue kilichomo ni cha machungwa au ni maji ya bomba. Nguvu yake ilipimwa kwa mashine siku ilipotengenezwa. Baada ya hapo waliiamini foili.

Mfugaji aliingia kazini hapo mumewe akiwa hai. Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo, akafundishwa kulisha seli, akaonekana ana mkono mtulivu. Mumewe alipougua, waganga wa hospitali walitaja neno ambalo yeye alikuwa akiliona kila siku kwenye lebo za chupa zake. Mgonjwa hakukaa sana. Baada ya arobaini, wifi yake, dada wa marehemu, alimuuliza mbele ya watu kama anarudi kwenye kazi ileile. Alipoitikia, wifi alisema hajaona mtu wa kufuga kilichomla mumewe, akasimama akaondoka. Hawajakanyagiana mlango tangu hapo. Mfugaji hakumjibu, na hata leo ukimuuliza angejibu nini, anasema seli hazina kinyongo na mtu, zina njaa tu.

Mtoto wake ni mmoja, wa kiume, anayeishi nchi nyingine na mkewe na binti mdogo aliyeanza shule juzi. Ana kazi inayombana. Humpigia mama yake Jumapili, kwa simu ya picha, na kwa muda mrefu simu hizo zilikuwa za kutimiza wajibu. Habari za huko, nzuri. Afya, tunashukuru. Mvua, imenyesha. Kisha kijana alikuwa akimwita binti aje amsalimie bibi, na mtoto alikuwa akija akivutwa, akisema shikamoo akiangalia pembeni, na kabla bibi hajamaliza kusema marahaba pale kwenye kioo cha simu kilibaki kipande cha sofa. Mfugaji alijaribu kila kitu. Alimwahidi hadithi, akamwonyesha paka wa jirani, akaimba. Paka alifaulu kwa Jumapili moja, halafu jirani akahama na paka wake.

Siku iliyobadilisha mambo, simu iliita akiwa kazini. Kijana alikuwa amekosea saa, na Mfugaji hakutaka kuikosa. Alitoka kwenye chumba cha seli, akavua glavu, akaiegemeza simu kwenye boksi la glavu kwenye korido. Mjukuu aliletwa, akasalimia, akaanza kuteleza kwenye sofa kama kawaida yake. Bibi akamwambia ngoja nikuonyeshe kitu ambacho hakuna mtoto mwingine aliyekiona. Alisema tu, bila kujua atamwonyesha nini. Kisha akakumbuka chupa.

Aliitoa kwenye friji, akaivua foili, akaisogeza kwenye dirisha la korido ambako jua la asubuhi huingia lote. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona rangi ile nje ya taa nyekundu. Alipoitikisa chupa, rangi ilipanda kwenye kioo ikashuka polepole, ikiacha utando wa machungwa ukutani mwa chupa. Kwenye simu, mtoto aliacha kuteleza.

"Bibi, hiyo inaliwa?"

"Hailiwi."

"Na mtu akinywa?"

"Ataota mwani tumboni. Ukimpiga mgongoni utasikia mawimbi."

Mtoto alicheka mpaka akamwita mama yake. Aliuliza imetoka wapi, nani kaitia rangi, kama baharini kuna nyingine ya bluu, kama samaki wakiigusa wanakuwa wa machungwa. Alikaa hadi baba yake akasema inatosha, simu ya bibi itaisha chaji. Mfugaji alirudisha foili, akarudisha chupa, akaenda kulisha mifugo yake. Anasema siku hiyo alijikuta anaongea na seli kwa sauti, jambo ambalo watu wa hadubini hulifanya na hawalisemi.

Ikawa desturi. Kila Jumapili mtoto alikuja mwenyewe bila kuitwa, akauliza chupa iko wapi. Mfugaji alijua kwamba rangi haitakiwi kuona jua, kama alivyojua jina lake. Alijiambia ni muda mfupi tu. Alijiambia chupa imejaa, na kinachopotea hakiwezi kuzidi kile kinachoganda kwenye kifuniko. Mtu mpweke akipata mgeni hahesabu sukari.

Katika majuma hayohayo, mambo ya chumba cha majaribio yalianza kwenda kombo. Mwanzoni mwa msimu seli za saratani zilikuwa zimekufa vizuri, sahani baada ya sahani. Sasa zilikufa chache. Juma lililofuata, chache zaidi. Daktari alirudia jaribio, akabadili sahani, akabadili mchuzi, kisha akaanza kuzitilia shaka seli zenyewe. Alimwambia Mfugaji, kwa upole lakini mbele ya wenzake, kwamba pengine fisi wake wamezoea sumu, au zizi limeingia uchafu. Mmoja wa vijana wa maabara akatania kwamba Mfugaji anawanenepesha mno, wanagoma kufa. Watu wakacheka. Mfugaji naye akacheka, lakini maneno hayo yalimchoma, kwa sababu usafi wa chupa zake ulikuwa ndio heshima yake. Alizitupa seli zote, akaamsha nyingine zilizokuwa zimegandishwa kwenye tangi la baridi, akazilea upya kama mtu anayelea mtoto wa mwenziwe. Seli mpya nazo hazikufa.

Ndipo Daktari akasema wakubali. Pengine matokeo ya mwanzo yalikuwa bahati. Aliwaambia kwamba Jumatatu inayofuata atawaandikia wenzao wa maabara nyingine, waliokuwa wakisubiri kuipeleka rangi hiyo hatua ya mbele, kwamba mwani huu hauna lolote na wautoe kwenye mipango yao. Msimu wa mwani ulikuwa umepita. Aliyasema hayo akifuta miwani, bila kupandisha sauti.

Jumapili iliyofuata mjukuu alikuwa tayari kwenye sofa. Bibi alivua foili, akainua chupa dirishani, akaitikisa. Mtoto akakunja uso.

"Siyo hiyo, Bibi."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Ile ilikuwa ya chungwa. Hii ya ndizi."

Bibi alisema ni simu tu, simu za siku hizi zinadanganya rangi. Lakini alikuwa ameinua macho kutoka kwenye simu na kuitazama chupa yenyewe. Mtu anayeona kitu kila juma haoni kinavyopungua, kama mzazi asivyoona mtoto anavyorefuka. Sasa aliona. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa cha njano hafifu, na utando uliobaki ukutani mwa chupa haukuwa na rangi ya kutajika. Aliongea na mtoto mpaka mwisho, akacheka palipostahili. Kisha akaifunga chupa foili kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba kulikuwa na kitu cha kukilinda.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona, korido ya Jumapili haina mtu, na Daktari alikuwa amekwisha kuamua. Mwani ungesahauliwa, chupa ingemwagwa kwenye ndoo ya taka za kemikali chini ya taa nyekundu, na hata mwagaji asingejua. Na kama angesema, jambo la kwanza litakalotokea alilijua: chupa itawekwa mbali naye. Usiku huo hakuwaza kazi wala kufukuzwa. Aliwaza sofa.

Jumatatu alifika mapema, akamkuta Daktari ameketi mbele ya kompyuta, kikombe cha chai pembeni hakijaguswa. Alibaki amesimama mlangoni.

"Daktari, usiandike kwanza. Seli hazina kosa. Rangi ndiyo iliyokufa, na nimeiua mimi."

"Umeiua vipi, Mama?"

"Nimekuwa nikiitoa juani."

Daktari aligeuka na kiti chake chote. Hakuonyesha hasira. Alionekana kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ambayo alikwisha kuifunika.

"Mara ngapi?"

"Kila Jumapili. Mjukuu wangu alipenda kuiona."

"Ungepiga picha. Siku ya kwanza, picha moja, ukamtumia."

"Picha anaiangalia mara moja, anaondoka," Mfugaji alisema. "Nilitaka akae."

Daktari alisimama, akaichukua chupa, wakaenda pamoja kwenye mashine ya kupimia, wakangoja. Nguvu iliyobaki haikufika robo. Daktari aliisoma namba ile, akaisoma tena, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba amewaambia watu seli za Mfugaji ni chafu. Mfugaji akasema hilo halina neno. Daktari akasema lina neno. Huo ndio ukawa mwisho wa upole wa asubuhi hiyo, kwa sababu baada ya hapo alimweleza alichokifanya bila kupunguza: msimu mzima, kazi ya watu watano, na jambo ambalo lingefutwa duniani kwa uongo kwa sababu ya dirisha la korido. Mfugaji alisikiliza akiwa amekunja mikono.

Hakufukuzwa. Alipewa onyo, na ufunguo wa friji ya rangi ukahamishiwa kwa kijana yule wa utani, ambaye tangu siku hiyo hakutania tena, jambo ambalo kwa Mfugaji lilikuwa zito kuliko onyo. Kwenye friza kulikuwa na unga wa mwani uliobaki, mfuko mmoja, wa kutosha chupa moja ndogo. Waliuloweka, wakauchuja, wakaipima rangi siku hiyohiyo na siku zilizofuata. Mfugaji alipanda seli zake kwenye sahani, fisi na kondoo, Daktari akadondoshea. Kesho yake waliinama kwenye hadubini kwa zamu. Fisi walikuwa wamejikunja, wanaelea. Kondoo walikuwa wamelala. Kijana mmoja akapiga makofi. Daktari akasema sahani si mtu, lakini alisema akitabasamu, na barua aliyoandika ikawa ya aina nyingine.

Walinunua soda. Mfugaji alikunywa yake amesimama, akaosha glasi za wote, akarudi kulisha.

Jumapili ilikuja kama zinavyokuja. Simu iliita, akaiegemeza palepale kwenye korido. Mjukuu alikuwa amekaa mbele kabisa, amejaa kwenye kioo.

"Chupa iko wapi?"

Bibi akamweleza kwamba rangi ile ni mgonjwa wa jua, inabidi ikae gizani ili ifanye kazi yake, na kwamba kuanzia sasa hakuna wa kuiangalia, hata yeye. Mtoto alilifikiria hilo. Akauliza kama kuna kitu kingine. Bibi akasema zipo seli, ndogo sana, haziwezi kuonekana kwa simu. Mtoto akauliza zinafanya nini. Zinakula, bibi akasema. Halafu? Halafu zinazaana. Halafu? Mfugaji alitafuta neno, na wakati analitafuta uso wa mtoto ulikwisha kutoka kwenye kioo.

"Baba," ilisikika kwa mbali, "Bibi hana kitu leo."

Kijana wake alikuja akachukua simu, akiwa na haya kidogo, akasema watoto ndivyo walivyo, mama asijali. Mama akasema hajali. Alimuuliza habari za kazi, akaambiwa ziko vilevile. Nyuma yake mkewe alikuwa akiita kwamba chakula kiko mezani. Kijana akasema basi mama, tutaongea, akaiweka simu chini akidhani ameikata.

Hakuwa ameikata. Kwenye kioo kulikuwa na dari nyeupe na ukingo wa taa ya ukumbini. Mfugaji alisikia viti vikivutwa, kijiko kikigonga sahani, mtoto akikataa kitu na mama yake akimbembeleza. Mtu alisema chumvi imezidi. Mtu mwingine akasema haijazidi.

Alijua kwamba adabu ilimtaka akate. Badala yake aliibeba simu mpaka kwenye chumba cha seli, akaiweka juu ya meza iliyo karibu na mlango, akaongeza sauti. Alinawa mikono, akavaa glavu, akalifungua kabati la joto, akatoa chupa moja baada ya nyingine. Alimwaga mchuzi wa zamani, akatia mpya. Huko, kijana wake alikuwa akisimulia jambo la kazini, refu, lenye watu wengi, jambo ambalo hakuwa amemsimulia yeye, na kila alipofika mahali pa kuchekesha mkewe alicheka kabla hajamaliza. Mfugaji alikuwa hajui mwanawe ni msimulizi. Alisikiliza hadi mwisho, akiendelea kumwaga na kutia.

Alikuwa kwenye rafu ya chini, kwa kondoo, dari ya kwenye simu ilipotikisika. Huko kwa mwanawe mtu aliiinua simu yao, kidole kikaufunika mwanga, na simu ikakatwa na mtu ambaye hakuangalia kuna nani upande wa pili.